Jioni ya kaskazi uani: mwongozo kamili wa kualika watu kumi bila kujifungia jikoni

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma pwani yetu, nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa hazikaliki mchana. Februari joto la Dar hufika nyuzi 32 na zaidi, na unyevu wa bahari unalizidishia uzito. Lakini jua likishaanza kushuka uani kunaingia upepo, na hapo hakuna raha inayopita ya kuwaita ndugu na majirani waje kula. Maembe yamejaa sokoni. Bahari ni tulivu kuliko wakati wa kusi, kwa hiyo wavuvi wanatoka na samaki wanapatikana.

Kinachoharibu jioni hizi ni mwenyeji kukosekana kwenye jioni yake mwenyewe. Wageni wako nje wanacheka, yeye yuko ndani na masufuria manne, jasho linamtiririka, na akija kukaa watu wanaaga. Hilo linaepukika kwa kanuni moja: kila kinachoweza kumalizwa kabla ya wageni kufika kimalizwe, na kibaki moto mmoja tu, nao uwe nje, pale watu walipo. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya kanuni hiyo.

Chagua chakula kinachovumilia joto

Pilau na biriani viache. Si kwamba ni vibaya, ila vinataka mpikaji asimame saa nzima mbele ya moto, na tumbo la mtu aliyeshinda juani halivitamani. Kwa watu kumi mimi hupanga hivi: samaki wa kupaka, mishkaki kwa wasiokula samaki na kwa watoto, wali wa nazi, kachumbari, juisi ya ukwaju, na maembe mwisho. Ukitazama vizuri utaona ni vitu viwili tu vinavyohitaji moto wakati wageni wapo, na vyote viwili vinachomwa kwenye jiko lile lile la mkaa. Wali unaivishwa kabla na unakaa kwenye joto lake. Vingine ni vya baridi.

Mahitaji ya watu kumi ni haya:

- samaki kilo 3: changu au kolekole wawili au watatu wazima
- steki ya ng'ombe kilo 1 na nusu
- mchele kilo 1 na nusu
- nazi 6: tatu za wali, mbili za samaki, moja ya akiba
- ukwaju nusu kilo
- nyanya kilo 1, vitunguu maji nusu kilo, vitunguu saumu vichwa 3, tangawizi, pilipili, kotmiri, ndimu 15
- papai bichi dogo 1, embe mbichi 4, embe mbivu 6 au 8
- mkaa nusu debe

Akiba ya nazi usiidharau. Nazi moja iliyooza ndani inatosha kukurudisha dukani, na kwetu mgeni mmoja huja na wawili.

Kualika

Waambie watu waje saa 11 jioni, na waambie wazi kwamba hakuna shughuli. Ukiandika tu "karibuni Jumamosi", nusu yao watauliza sare ni gani na nusu watakuja na zawadi. "Hakuna shughuli, tunakula tu uani, njooni na ndala" inamfanya mtu apumue. Uliza hapo hapo nani hali samaki, nani hali pilipili. Anayeuliza akuletee nini, mwambie alete barafu. Barafu haizidi kamwe.

Saa 11 nimeichagua kwa sababu. Miezi hii Dar jua linazama karibu saa 12:45, kwa hiyo watu wanapata saa nzima na zaidi ya kukaa na kunywa kitu baridi kukiwa bado kweupe, wanaoswali wanaswali magharibi, na saa 1 usiku chakula kinatengwa. Watoto wanakula kabla usingizi haujawachukua.

Siku moja kabla

Kwanza ukwaju. Loweka nusu kilo kwenye lita mbili za maji ya moto yaliyochemshwa, uache upoe, uukamue kwa mkono ulio safi mpaka kokwa zibaki tupu, kisha chuja. Tia sukari, kipande cha tangawizi kilichopondwa na chumvi kidogo sana. Uache mzito hivyo hivyo kwenye friji. Kesho utaongeza maji mpaka ufike lita nne au tano. Ukiuzimua leo unajaza friji bure, na unakosa nafasi ya samaki.

Pili barafu. Gandisha maji ya kunywa kwenye mabakuli na makopo makubwa, si vijibarafu vidogo peke yake. Bonge kubwa linayeyuka polepole, na ukilitumbukiza kwenye ndoo ya vinywaji linadumu jioni nzima. Mwenye mtungi wa udongo naye aujaze leo na auweke kivulini penye upepo: maji yanapenya udongo, yanakauka kwa nje, na kule kukauka ndiko kunakoupoza mtungi. Maji yake yana utamu ambao friji haina.

Tatu nyama. Kata steki vipande vya ukubwa wa kidole gumba, viwe sawa, maana kidogo kitakauka wakati kikubwa bado kibichi. Changanya na saumu na tangawizi zilizotwangwa, pilipili manga, ndimu mbili na vijiko viwili vya mafuta, weka kwenye friji. Chumvi na papai subiri.

Papai bichi ndilo linalolainisha mishkaki yetu, na wengi hulitia usiku wakidhani likikaa sana ndiyo vizuri zaidi. Ndani ya utomvu wake mna kimeng'enya kiitwacho papaini, kinachokata nyuzi za nyama. Kikiachwa usiku kucha, nyama inageuka uji kwa nje na haishiki kwenye kijiti. Vijiko viwili vya papai lililoparuzwa, pamoja na ganda lake, vinatosha kilo moja na nusu, na vitiwe saa mbili kabla ya kuchoma.

Asubuhi: samaki

Nenda mapema. Dar watu wanakwenda Feri, Unguja Darajani au Malindi, na kote huko samaki wa saa 1 asubuhi si yule wa saa 5. Tazama macho: yawe yamejaa na yanang'aa, yasiwe yamedidimia na kufanya ukungu. Funua mashavu uone matamvua mekundu. Bonyeza ubavuni kwa kidole, nyama irudi juu. Kisha nusa. Samaki mzuri ananuka bahari tu. Muuzaji asiyekuruhusu kufunua mashavu, muage kwa adabu uende meza ya pili.

Mwambie mparaji amtoe magamba na matumbo na matamvua, halafu ampasue kwa mgongoni, siyo tumboni, afunguke kama kitabu. Akifunguka hivyo anaiva sawasawa kote, na mchuzi utakaompaka una mahali pa kukaa. Beba ndoo yenye barafu kwenda nayo. Samaki akizunguka saa nzima kwenye mfuko ndani ya daladala, kazi yote uliyofanya ya kumchagua imepotea.

Nyumbani muoshe, mfute akauke, mrudishe kwenye baridi. Viungo bado. Ndimu ikimkalia samaki muda mrefu inamwivisha kabla ya moto, nyama inakuwa nyeupe na ngumu. Nusu saa kabla ya kumweka jikoni inatosha.

Mchana: nazi, na usiharakishe

Hapa ndipo chakula chote kinapoamuliwa. Tui la pakiti linasaidia mtu akikwama, lakini kwa samaki wa kupaka halifiki linapofika tui la nazi iliyokunwa siku ile ile.

Chagua nazi nzito, yenye maji yanayosikika ukiitikisa, na macho yake yawe makavu bila ukungu. Ivunje, onja maji yake. Yakiwa makali au yananuka mafuta, itupe. Kuna kwa mbuzi ukizungusha kifuu taratibu, na usishuke mpaka kwenye ngozi ya kahawia, kwa sababu inalitia tui weusi na uchungu. Mwenye blenda akate vipande na kusaga na maji ya uvuguvugu. Tui ni zuri pia, ila lichujwe kwa kitambaa safi mara mbili.

Nazi mbili za samaki zitengwe peke yake. Tia kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu, fikicha, kamua kwa kifumbu au kitambaa. Hilo ni tui zito, na ndilo pekee utakalotumia kwa mchuzi. Nazi tatu za wali zikamue tui zito vikombe vitatu, liweke pembeni, kisha rudia na maji mengine mara mbili upate tui jepesi la kupikia.

Sasa mchuzi wa kupaka. Weka tui zito la nazi mbili kwenye sufuria pana na saumu punje sita zilizotwangwa, tangawizi kidogo, nusu kijiko cha manjano, pilipili mbili au tatu zilizopondwa na chumvi. Moto uwe wa wastani, na mwiko usitoke mkononi. Kwa dakika tano za mwanzo utadhani hakuna kinachotokea. Halafu povu linatulia, mapovu yanakuwa mazito na yanapasuka polepole, mwiko unaanza kuacha njia chini ya sufuria, na ukingoni mafuta ya nazi yanaonekana kama uzi mwembamba wa dhahabu. Hapo epua. Ndimu mbili au ukwaju mzito vijiko vitatu uutie sasa, sufuria ikiwa imeshatoka motoni, kwa sababu ukali ukiingia mapema tui linakatika, linabaki vipande vipande kwenye maji. Onja. Linatakiwa liwe kali kidogo kuliko unavyopenda, kwani samaki atapunguza ukali huo.

Mchuzi ukipoa, funika uingie kwenye friji.

Saa 10 jioni: wali

Osha mchele mpaka maji yatoke meupe kidogo tu. Pima kwa kikombe: kikombe kimoja cha mchele kwa takriban vikombe viwili vya tui yote, jepesi na zito kwa pamoja. Mchele mpya wa Kyela au Morogoro unakunywa maji machache, upunguzie. Basmati ina tabia zake, na sioni sababu ya kuitumia hapa. Wali wa nazi unataka mchele unaonukia wenyewe.

Chemsha tui jepesi na chumvi huku ukikoroga, mimina mchele, geuza mara moja, acha. Tui likikaukia usawa wa mchele, mimina lile zito juu, funika vizuri, punguza moto kabisa. Kwenye jiko la mkaa palia: toa makaa chini, yaweke juu ya kifuniko. Dakika 20 hadi 25 zinatosha. Kisha usiufunue. Izungushie sufuria khanga nzito au taulo, iweke kwenye kikapu au kona isiyo na upepo, na utaukuta wa moto wakati wa kupakua.

Moja kwa moja baada ya hapo tia papai na chumvi kwenye nyama, loweka vijiti vya mishkaki kwenye maji visije vikaungua, kisha nenda ukaoge. Hii nayo ni hatua ya mwongozo, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mwenyeji aliyeoga, akavaa nguo nyepesi, akafungua mlango bila kukimbia, ameshawapa wageni nusu ya raha waliyoifuata.

Uani

Fagia, nyunyizia maji sakafuni ipoe, tandika mikeka na jamvi. Viti viwe kwa wazee na wenye magoti. Vinywaji viwe kwenye ndoo ya barafu mahali ambapo kila mtu anajichukulia, pamoja na sinia la embe mbichi, chumvi na pilipili ya unga. Hicho ndicho kitafunio. Kinachangamsha mdomo bila kujaza tumbo, na hakuna aliyekipika.

Fukiza udi au washa dawa ya mbu mapema, kabla magharibi haijaingia. Weka na taa ya chaji karibu, umeme usije ukakatika mkiwa katikati ya miiba ya samaki.

Wageni watataka kukusaidia. Kwetu mwanamke akiingia nyumba ya watu ananyoosha moja kwa moja jikoni, na ukimwambia "kaa tu, dada" hatakaa kwa raha. Mpe kazi ya nje: "Wifi, nimenyee hizo embe." "Shemeji, moto huo ni wako." Kaka aliyekabidhiwa jiko halikimbii, na mazungumzo yote yanahamia pale kwenye moshi.

Saa 11 na nusu: moto

Washa mkaa dakika 45 kabla ya kuanza kuchoma. Usitumie mafuta ya taa. Harufu yake inaingia kwenye nyama na haitoki. Vipande vya kifuu na makumbi ya zile nazi ulizovunja mchana vinashika moto haraka na vinanukia vizuri. Subiri mpaka makaa yawe yamevaa majivu meupe na hakuna ulimi wa moto.

Kisha pima kwa kiganja, pale wavu utakapokaa. Ukiweza kuhesabu moja hadi tano polepole kabla hujautoa mkono, huo ni moto wa samaki. Ukiutoa kwenye tatu, ni wa mishkaki. Kwa hiyo sukuma makaa mengi upande mmoja na machache upande wa pili, na jiko moja litakupa mioto miwili. Ukiwa na jiko dogo la mkaa tu, anza na mishkaki, moto ukipungua mlaze samaki.

Mishkaki: vipande vitano au sita kwa kijiti, visibanane. Geuza mara kwa mara, dakika nane hadi kumi kwa jumla. Wape watoto ya kwanza kabisa.

Samaki: mpake chumvi, ndimu, saumu na pilipili nusu saa kabla, kama nilivyosema. Paka wavu mafuta. Mlaze ngozi ikiwa chini, usimguse dakika kumi. Akiwa hajaiva ameng'ang'ania wavu, akiiva anauachia mwenyewe, kwa hiyo usimlazimishe. Mgeuze, dakika nane nyingine. Sasa lete mchuzi. Chukua bua la mchaichai, ponda ncha yake ichanuke, ulifanye brashi. Paka upande wa nyama, acha ukauke na kushika rangi, paka tena. Mara tatu, ukimgeuza kwa upole katikati ili na ngozi ipate. Mchuzi ukianza kuungua ungua kwenye kingo na kunukia nazi iliyokaangwa, ameiva. Hakikisha pale penye mfupa wa mgongo: nyama iwe nyeupe yote na iachane na mfupa. Chemsha mchuzi uliobaki na ummwagie juu kwenye sinia.

Kachumbari isubiri hadi dakika hii. Vitunguu viwe vimekatwa vyembamba, vimefikichwa na chumvi na kusuuzwa mapema. Nyanya, pilipili, kotmiri, ndimu na chumvi vitiwe mezani. Chumvi inatoa maji ya nyanya, na kachumbari ya saa nzima ni supu.

Kutenga na kula

Pitisha birika na beseni watu wanawe. Pakua wali kwenye masinia mawili ya watu watano watano, samaki juu au pembeni. Wali wa sinia unakulika kwa raha kuliko sahani kumi, na vyombo vya kuosha vinapungua. Ukoko ukwangue uuweke kwenye kibakuli chake katikati. Utagombaniwa, na ugomvi huo ni mtamu.

Kuanzia hapa kazi yako ni kula. Kaa chini na sinia lako. Anayehitaji maji anajua ndoo iliko.

Maembe yaliyopoa yakatwe baadaye, watu wakishanyoosha miguu, na mwenye nguvu apike kahawa chungu ya kunywea na kashata. Mimi siongezi keki wala kitu chochote cha maziwa miezi hii.

Mabaki na moto

Chakula kisilale nje. Kwa kawaida kilichopikwa kisizidi saa mbili bila baridi wala moto, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Wali unahitaji uangalifu zaidi, na wa nazi unachacha upesi: kuna vijidudu vya mchele vinavyotoa sumu ambayo hata ukipasha moto haiondoki. Kwa hiyo mara tu watu wamemaliza, kile kilichobaki kwenye sufuria kigawe kwenye vyombo vifupi kiingie friji, au kifungashie wageni wanaokaa karibu. Kilichoguswa kwa mikono kwenye sinia kisihifadhiwe. Tayarisha makopo ya kufungashia mapema, maana shangazi hataomba, lakini atafurahi.

Jiko lenye makaa usiliingize ndani hata kama linaonekana limezimika. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu waliolala. Yamwagie makaa mchanga au maji hapo hapo uani, na asubuhi yaanike yakauke. Yanashika moto haraka kuliko mkaa mpya.